Kazi ya Mwalimu Huanza Kabla ya Chaki

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba vyaelea vimeundwa. Wengi wetu tukimwona mwalimu akiingia darasani mwezi wa Januari, chaki mkononi, tunadhani kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Sangailu, na mwaka huu nimewatazama walimu kwa makini tangu siku ya kufungua. Hebu nikueleze niliyoyaona.

Jambo la kwanza ni majira. Huku kwetu mwaka wa shule huanza wakati wa jilaal, yaani kiangazi kikali kinachofuata mvua ya deyr na kuendelea hadi mvua ya gu' ya Aprili. Malisho yakikauka ng'ombe huhamishwa, wengine kuelekea msitu wa Boni, wengine delta ya mto Tana. Na ng'ombe hawahami peke yao, huhama na vijana. Kwa hivyo mwalimu wa darasa akifungua rejista, kuita jina ni jambo moja na kusikia "nipo" ni jambo jingine. Hatii alama ya kutokuwepo akaishia hapo. Huwauliza majirani, huwaendea wazazi, na pengine humwomba chifu apeleke ujumbe. Wengine hurudi baada ya wiki mbili, wengine baada ya mwezi, na kila anayerudi hukuta somo limekwenda mbele. Basi mwalimu humwanzishia upya pembeni, saa ya michezo.

La pili ni makaratasi. Kuna azimio la kazi, ambalo hupanga mada za muhula mzima wiki kwa wiki. Kuna andalio la somo, ambalo huonyesha kipindi kimoja cha dakika 40 kitakwendaje: shabaha, vifaa, hatua na maswali. Kuna na rekodi ya kazi, inayosema ni nini hasa kilichofundishwa. Mwaka huu wa 2026 mzigo umeongezeka, maanake Gredi ya 10 imeanza kwa mtaala mpya, nasi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 bado tuko kwenye 8-4-4. Mwalimu mmoja anapanga mifumo miwili kwa kichwa kimoja! Kazi hiyo hufanywa usiku, baada ya vitabu vya kusahihisha.

La tatu ni zamu. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya kengele. Husimamia gwaride, huwaandika waliochelewa, huhakikisha tangi lina maji ya kunywa, humpeleka mgonjwa zahanati, na mchana huamua ugomvi wa madawati. Hayo yote hayamo kwenye ratiba, na vipindi vyake vinamngoja vilevile.

La nne, ambalo sisi wa Chama cha Kiswahili tunalijua sana, ni lugha. Nyumbani wengi wetu tunasema Kisomali. Lugha hiyo haina sauti za p, v na z, ndiyo sababu wiki za kwanza utasikia "bikibiki" badala ya pikipiki na "fitabu" badala ya vitabu. Tena nomino za Kisomali ni za kiume au za kike, basi, ilhali Kiswahili kina ngeli chungu nzima. Mwalimu mjuzi hacheki wala hachapi. Hutoa insha fupi wiki ya kwanza, akasoma makosa yetu kama daktari anavyosoma dalili, ndipo akaamua aanzie wapi.

Sasa utauliza, mbona mtu mmoja abebe yote haya? Jibu linauma. Tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliuawa na Al-Shabaab katika basi lililotoka Mandera, na wengi wao walikuwa walimu wakienda nyumbani likizoni. Januari 2015 mamia ya walimu walipiga kambi katika makao makuu ya TSC jijini Nairobi wakikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Kisha tarehe 13 Januari 2020, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii ya Garissa. TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na baadhi ya shule zikafungwa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuogopa kifo. Lakini pengo lilibaki, na penye pengo la walimu somo zima laweza kupotea, si kipindi kimoja tu.

Ndiyo maana walimu wa bodi, wengine wakiwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu, wamekuwa nguzo katika shule nyingi za eneo hili. Wanasaidia sana, ila hawatoshi, na wao pia wanahitaji nafasi ya kwenda kusomea ualimu.

Wanachama wenzangu, mgeni ni kuku mweupe. Hata akae miaka mingapi, siku ya hatari yeye ndiye huonekana kwanza. Tuwaheshimu na kuwalinda wageni waliobaki, lakini tusiwaachie wao peke yao. Shahada ya ualimu wa sekondari huhitaji C+ katika KCSE, na C+ nyingine katika kila somo kati ya mawili utakayofundisha. Si mlima usiopandika. Kila darasa la Sangailu likitoa hata walimu wawili, baada ya miaka kumi rejista ya Januari itaitwa na mtu anayejua ng'ombe wa kina nani wamehamia wapi, na anayejua njia ya kumfuata kijana huko malishoni. Mimi nimeshachagua masomo yangu mawili: Kiswahili na Historia. Wewe je?