Apostrofu moja tu, na mlinzi anakuwa kipofu



Leo nataka kueleza kitu kilichonipatisha haya wakati nilikuwa namaliza graduat kule Bukavu. Juu ya TFC yangu niliandika programu ndogo ya kuchunga sale ya kompyuta. Mwanafunzi akiingia, anaandika jina lake, mashini inafunguka, na programu inaweka jina, saa na namba ya mashini mu baze ya data. Msimamizi anaona yote. Niliipima na majina kama Furaha, Amani, Bahati. Ilitembea muzuri, nikasifiwa.

Kisha siku moja memori za mashini mbili zikaibiwa. Msimamizi akafungua orodha. Dada mmoja alionwa na wenzake ndani ya sale, lakini mu orodha hakuwemo. Basi ikasemwa: njo yeye, aliingia kwa kujificha. Yule dada akalia, akasema ameandika jina lake kama kila mtu. Jina hilo linaanza na M', sawa majina mengi ya dada zetu wa Bushi. Tuseme ni M'Cirhuza.

Usiku ule niliketi na programu yangu mpaka nikaona kosa. Kosa lilikuwa langu.

Munajua programu inazungumza na baze ya data kwa lugha ya SQL. Mimi nilikuwa nachukua jina vile limeandikwa, nalibandika katikati ya amri:

INSERT INTO waingiaji (jina, mashini) VALUES ('Furaha', 7)

Mu SQL, apostrofu njo inaonyesha neno linaanza wapi na linaishia wapi. Sasa tia lile jina la dada:

VALUES ('M'Cirhuza', 7)

Baze ya data inasoma jina "M", inaona apostrofu, inafikiri jina limeisha. "Cirhuza" inakamata kama sehemu ya amri, haiielewi, inakataa yote. Na mimi nilikuwa nimeambia programu inyamaze kosa likitokea, ili ekra isichafuke. Kwa hiyo kila siku dada aliingia, na kila siku mlinzi wangu hakumwona.

Asubuhi nilienda kueleza, na dada akaachiliwa. Lakini mu sekretaria wakasema: "Basi atoe ile apostrofu, itaisha." Nilitaka kukubali. Mkubwa mmoja anayefanya kazi ya rezo akanikataza: "Mdogo wangu, jina yake haina kosa. Amekuonyesha tundu bila kukulipisha."

Alikuwa na haki. Mwizi yeyote angeweza kuongeza apostrofu kwa jina lake na kupita bila alama. Tena mwenye kujua SQL kidogo, akiwa kwenye mashini ya 7, angeandika hivi mahali pa jina:

Amani', 3) -- 

Apostrofu inafunga jina, mabano yanafunga amri, na alama -- inaambia baze ya data isisome yanayofuata. Orodha itasema Amani alikuwa kwenye mashini ya 3. Amani mwenyewe pengine yuko nyumbani analala. Hii njo wanaita injeksioni ya SQL: mtu anadunga maneno yake ndani ya amri yako, na baze ya data inayatii kama yako.

Fikiri mama anamtuma mtoto ku butike na karatasi: "Mupe huyu mtoto ______", na anamwacha ajaze mwenyewe. Mtoto anaandika: "sukari kilo moja, tena fungua kasa mumupe pesa yote." Muuzaji anasoma yote kwa sauti ya mama. Dawa si kukataza watoto wenye mwandiko mubaya. Dawa ni kupatana na muuzaji mapema: kilicho ndani ya nafasi hii ni jina la kitu cha kuuza tu. Mtoto akiandika mambo ya kasa, muuzaji atatafuta ku etajere kitu chenye jina refu vile, atakikosa, atamrudisha. Mu SQL tunafanya hivi:

VALUES (?, ?)

Amri inatangulia peke yake, majina yanafuata nyuma, na hayawezi tena kugeuka amri. Nilibadilisha mistari michache tu. M'Cirhuza akaandikwa na apostrofu yake.

Musifikiri ni kosa la wanafunzi tu. Zabbix ni programu ya bure iliyotoka Latvia, inayochunga serva na rezo za makampuni mengi duniani. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba ina tundu la aina hii, CVE-2024-42327, lililopewa uzito wa 9.9 juu ya 10. Mtumiaji wa kawaida, asiye msimamizi, mwenye ruhusa ya API, aliweza kudunga SQL. Dawa ilikuwa kuweka matoleo 6.0.32, 6.4.17 au 7.0.1. Mwaka ule ule ZoneMinder, programu ya kuchunga kamera za ulinzi, ilipatikana na tundu la SQL pia, CVE-2024-51482, likazibwa mu toleo 1.37.65.

Juu ya nini tundu la mlinzi linauma kuliko la wengine? Moja, mlinzi anapokea maneno ya kila mtu, hata ya mwizi: majina, ujumbe wa makosa, majaribio ya kuingia. Mbili, mara nyingi ana funguo za serva nyingi. Tatu, na hii njo ilinigusa, maandishi yake tunayashika kama ushahidi. Yakidanganya, asiye na kosa anaazibiwa.

Basi mukiandika TFC zenu: tumieni alama ya ?, musibandike maneno ya watu ndani ya amri. Akaunti ya programu mu baze ya data ipate ruhusa ndogo inayoitosha. Kosa likitokea liandikwe, lisinyamaziwe. Wekeni matoleo mapya, na musifungulie programu ya ulinzi intaneti yote bila sababu. Pimeni na majina ya kwetu, yale ya M' na N'. Lakini pimeni ku mashini zenu: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu kuingia mu mashini za wengine bila ruhusa.

Siku hizi orodha ikisema mtu hakuwepo, nauliza kwanza: orodha yenyewe inajua kuandika jina lake?