Rupia za Kijerumani: bei huamuliwa na sura, si umri

HANDENI/KOROGWE: Sarafu za utawala wa Kijerumani zinazofukuliwa na jembe shambani au kutoka kwenye masanduku ya wazee zina bei mbili, na tofauti kati ya bei hizo ni kubwa. Ya kwanza ni bei ya mizani, ambayo sonara hulipa kwa kupima fedha iliyomo. Ya pili ni bei ya mkusanyaji, ambaye hununua sura ya sarafu. Muuzaji asiyeijua ya pili huuza kwa ya kwanza.

Si ajabu sarafu hizo kupatikana huku. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, mashamba ya mkonge yakapanuka, na mishahara ililipwa kwa rupia. Kodi ya nyumba nayo ilidai rupia hata kwa mkulima wa Uzigua ambaye hakufanya kazi shambani kwa Mzungu. Mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64. Tangu 1904 ikawa na heller 100. Kutokana na heller hiyo, Mswahili bado anasema "sina hela".

Kwa upande wa mizani hesabu ni nyepesi. Rupia moja nzima ina uzito wa gramu 11.66, na kati ya hizo gramu 10.7 hivi ni fedha halisi. Chukulia kwamba sonara ananunua fedha kwa sh. 2,000 kwa gramu: rupia hiyo haipaswi kuuzwa chini ya sh. 21,000, hata kama uso wa Kaisari umefutika kabisa. Heller za shaba hazina kinga hiyo. Kwa mizani ni chuma chakavu, kwa hiyo thamani yake yote imo katika sura.

Sura hupimwa kwa madaraja. Wakusanyaji duniani hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Makampuni ya PCGS, lililoanza 1986, na NGC, lililoanza 1987, hukagua sarafu, huipa namba na kuifungia ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Baadaye, mwaka 1991, utaratibu huo uliingia katika biashara ya kadi za wachezaji kupitia kampuni ya PSA, inayotumia namba 1 hadi 10. Faida yake ni kwamba mnunuzi aliye mbali haamini tena maneno ya muuzaji, anaamini namba. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu. Iliyokaa miaka mingi mfukoni mwa manamba haifiki huko, na gharama ya kuituma Marekani, bima na ada inaweza kuzidi bei yake. Kasha linafaa kwa sarafu adimu au safi sana tu.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mtu akiokota rupia nyeusi huisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, akidhani anaipandisha bei. Weusi ule si uchafu wa kuondolewa. Ni utando wa miaka, na mnunuzi mzoefu huutafuta. Mikwaruzo ya kusugua haiponi, na makampuni ya ukaguzi huandika kwamba sarafu imesafishwa. Thamani inaweza kuanguka hadi karibu na bei ya mizani ndani ya dakika tano.

Adimu ni nini? Rupia mbili za mwaka 1893 na 1894 ni chache sana. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke wakati wa vita, ni takriban 16,000 tu. Heller 20 za mwaka huo huo zilitoka katika karakana ya reli ya Tabora nazo ni nyingi zaidi. Zina kingo mbovu na maandishi yaliyopinda, kwa hiyo ubaya wa umbo peke yake si dalili ya bandia. Herufi T huonyesha Tabora, A ni Berlin, J ni Hamburg. Riale ya Maria Theresa nayo isimdanganye mtu: huandikwa 1780 hata kama imepigwa karne ya 20.

Wapo pia wanaodai kwamba rupia fulani ina nguvu ya kuvuta punje za mchele na kwamba tajiri yuko njiani na mamilioni, ila kwanza itolewe pesa ya kuipima. Huo ni utapeli mtupu. Mnunuzi wa kweli huja na mizani na lenzi, na ndiye anayetoa pesa.

Upande wa sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na rupia hizi zilianza kupigwa 1890. Hata hivyo kufukua maeneo ya kale bila leseni ni kosa, na anayetaka kupeleka sarafu nje ya nchi aiulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Kwa anayehifadhi: karatasi kavu, kila sarafu peke yake, ishikwe ukingoni.