Kufungua Kufuli bila Ufunguo: Vyombo vya Mwanzo na Namna ya Kuvichagua

Kufuli ni miongoni mwa mashine chache ambazo karibu kila mtu huchukua sehemu yake mfukoni. Mwenye nyumba, mwenye duka, na mwanafunzi wa bweni mwenye sanduku lake la bati, wote hutegemea kipande kidogo cha chuma kilichokatwa meno. Hata hivyo ni wachache wanaoweza kueleza ni jambo gani hasa linalotokea ufunguo unapozungushwa. Kutokana na udadisi huo umezaliwa mchezo ambao leo una wafuasi katika nchi nyingi, nao ni kufungua kufuli bila ufunguo wake na bila kulivunja. Nchini Ujerumani wapenzi wa mchezo huu waliunda chama chao mwaka 1997, na Uholanzi nayo ina chama cha namna hiyo. Wanachama hukutana, hufundishana, na hushindana kwa saa.

Mtu anayeanza hukabiliwa mara moja na swali la vyombo. Wauzaji humwonyesha pochi zenye vipande 20, 30, au zaidi, kila kimoja na umbo lake, na ni rahisi kwake kuamini kwamba wingi wa vyombo ndio uwezo. Imani hiyo haina msingi. Chombo huchaguliwa kwa kufuata kazi kitakayoifanya, na kazi hiyo haiwezi kueleweka kabla ya kujua kilichomo ndani ya kufuli.

Kilichomo ndani

Mfumo ulioenea zaidi katika makufuli na vitasa vya siku hizi ni ule wa pini. Wazo lake ni la kale, kwa maana makufuli ya mbao yenye vigingi yalitumika Misri na nchi jirani tangu zamani. Umbo lake la kisasa lilikamilishwa na Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyeendeleza kazi ya baba yake na kupata hati za uvumbuzi mwaka 1861 na 1865.

Ndani ya kufuli la namna hii mna sehemu mbili kubwa: ganda lisilosogea, na kiini cha mviringo kinachozunguka ndani ya ganda hilo. Tundu la ufunguo limo katika kiini. Matundu madogo, mara nyingi matano, yametobolewa kupitia sehemu zote mbili, na katika kila tundu mna pini mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya kwanza ni pini ya ufunguo, ambayo huguswa na meno ya ufunguo. Ya pili ni pini ya springi, ambayo husukumwa na springi ndogo kuelekea ndani ya kiini. Kufuli linapokuwa limefungwa, pini za springi hukaa nusu katika ganda na nusu katika kiini, na hivyo kukizuia kiini kuzunguka. Ufunguo ulio sahihi huinua kila jozi ya pini hadi kiungo chake kilingane sawasawa na mpaka uliopo kati ya kiini na ganda. Hapo hakuna tena kinachozuia, na kiini huzunguka.

Kosa dogo la kiwandani

Laiti matundu yote yangetobolewa katika mstari ulionyooka kabisa, na pini zote zingekuwa na kipenyo kile kile, kiini kinapolazimishwa kuzunguka pini zote zingebanwa kwa wakati mmoja. Lakini hakuna mashine duniani inayotoboa bila kosa. Tofauti za sehemu ndogo sana za milimita hubaki, nazo hutosha kuifanya pini moja ibanwe kabla ya wenzake.

Mchezo mzima umejengwa juu ya kosa hilo. Mchezaji hukisukuma kiini polepole kana kwamba anataka kukizungusha. Kisha hutafuta pini iliyobanwa na kuiinua taratibu. Kiungo chake kinapofika mpakani, kiini husogea kidogo mno, pini ya springi hukwama upande wa ganda, na pini nyingine huanza kubanwa kwa zamu yake. Pini ya mwisho ikipatana na mpaka, kufuli hufunguka. Kazi yote hii hufanyika gizani, bila jicho kuona chochote. Habari pekee anayoipata mchezaji ni ile inayopita katika chuma hadi kwenye ncha za vidole vyake. Basi ubora wa chombo ni uwezo wake wa kuipitisha habari hiyo bila kuipoteza njiani.

Vyombo vya lazima

Vyombo vya lazima ni vya aina mbili tu. Cha kwanza ni kizungushio, yaani utepe wa chuma uliopindwa ncha, unaotiwa katika tundu la ufunguo ili kukisukuma kiini. Cha pili ni kichokonoo, yaani kijiti chembamba cha kuinulia pini.

Wanaoanza huvitazama vichokonoo na kukisahau kizungushio, na hilo ni kosa. Kizungushio kikilegea au kikiteleza, kazi yote huanza upya. Inafaa kuwa na vizungushio vitatu au vinne vya upana na unene tofauti. Baadhi viwe vya kutiwa kwenye ukingo wa tundu ulio mbali na pini, na vingine viwe vifupi na bapa, vya kutiwa kwenye ukingo wa upande wa pini. Hivi vya pili huacha nafasi kubwa zaidi kwa kichokonoo kufanya kazi. Kila kimoja kikae imara mahali pake bila kugusa ganda.

Kwa upande wa vichokonoo, cha kwanza kununuliwa ni kulabu fupi, yenye ncha iliyopinda kidogo kuelekea juu. Hii huinua pini moja kwa wakati mmoja, na ndiyo imfundishayo mtu kazi hasa. Cha pili ni kulabu iliyopinda zaidi, kwa makufuli ambayo pini ndefu zimetangulia mbele ya pini fupi. Cha tatu ni kile chenye mawimbi mgongoni, kinachofanana na reki, ambacho hupitishwa mbele na nyuma ili kuzitikisa pini nyingi kwa pamoja. Makufuli hafifu hufunguka upesi kwa reki, lakini anayeitegemea hiyo peke yake hufungua bila kujua alichokifanya. Vichokonoo hivyo vitatu pamoja na vizungushio vichache humtosha mtu kwa miezi mingi.

Chuma, unene na kimo

Vichokonoo vizuri hutengenezwa kwa chuma cha pua kigumu chenye tabia ya springi. Chuma kisichoshika kutu cha aina iitwayo 301 hupendwa sana, nacho hupata ugumu wake kwa kupitishwa kati ya roli kikiwa baridi. Vichokonoo vya kawaida huwa na unene wa karibu milimita 0.6, na vile vya matundu membamba karibu milimita 0.4. Makufuli mengi ya Ulaya yana matundu membamba yenye kona, kwa hiyo kichokonoo kinene hukwama kabla ya kuzifikia pini.

Je, chombo chembamba hakitapinda? Hapa fizikia ya darasani inatoa jibu. Ukakamavu wa kijiti bapa kinachopindwa kuelekea juu hulingana na unene wake, na pia hulingana na kipeo cha tatu cha kimo chake, yaani kimo × kimo × kimo. Kupunguza unene kutoka milimita 0.6 hadi 0.4 hukibakizia kijiti theluthi mbili za ukakamavu wake. Lakini kupunguza kimo kutoka milimita 2 hadi 1 hukibakizia sehemu moja tu katika nane. Ndiyo maana kijiti chembamba chenye kimo cha kutosha huweza kuwa imara, na ndiyo maana kijiti kilichochongwa vibaya, chenye shingo iliyolika mahali pamoja, huvunjika hapo hapo.

Mnunuzi anaweza kuvipima vyombo kwa njia nne rahisi. Apitishe kidole pembeni mwa kijiti. Kingo zenye makwaruzo huparuza ndani ya kufuli na kuchanganya hisia za vidole. Akipinde kidogo na kukiachia. Chuma bora hurudi mahali pake, chuma laini hubaki kimepinda. Aangalie mahali kijiti kinapoungana na mpini. Kisiwe na mchezo wowote, kwa sababu mtikisiko mdogo wa pini hupotelea hapo. Mwisho, akishike mpini kwa muda. Mpini mwembamba wenye kingo kali huchosha vidole, na vidole vilivyochoka havisikii.

Shule isiyo na fedha za kuagiza vyombo inaweza kuvitengeneza katika karakana. Utepe wa chuma uliomo ndani ya mpira wa waipa ya gari hufaa sana kwa vizungushio, na msumeno mkuukuu wa kukatia chuma unaweza kuchongwa kuwa kichokonoo kwa tupa, kisha ukalainishwa kwa msasa mwembamba. Jambo la kuangalia ni joto. Chuma kikisagwa kwa mashine hadi kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umepungua; kwa hiyo kipozwe mara kwa mara katika maji. Macho yakingwe kwa miwani wakati wote wa kazi.

Kufuli la kujifunzia

Pochi nyingi za bei nafuu huja pamoja na kufuli la plastiki angavu. Hilo hufaa kwa mwalimu anayetaka kulionyesha darasa namna pini zinavyosogea, lakini kwa kawaida pini zake zimelegea mno, nalo hufundisha jicho kuliko kidole. Ni afadhali kununua kufuli la kawaida la shaba njano, au kitasa kinachoweza kufunguliwa na kupunguzwa pini. Mwanafunzi huanza na pini mbili, akizimudu huongeza ya tatu, na kuendelea hivyo. Kufuli lishikwe katika jiliwa, kwa wepesi, ili mikono yote miwili iwe huru.

Karibu kila anayeanza hukisukuma kizungushio kwa nguvu kupita kiasi. Nguvu hiyo huzikandamiza pini kwenye kuta za matundu, msuguano huongezeka, na pini iliyobanwa haitofautiki tena na isiyobanwa. Dawa yake si chombo cha bei kubwa, bali ni mkono mwepesi.

Je, elimu hii ni ya wezi?

Swali hili liliulizwa kwa kishindo mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London. Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli mashuhuri la Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Baadaye akalikabili kufuli la Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani tangu mwaka 1790 pamoja na ahadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeweza kulifungua. Hobbs alilifungua kwa jumla ya saa 51 za kazi zilizoenea katika siku 16, akitumia vyombo alivyovitengeneza kwa ajili ya kufuli hilo. Wapo waliolalamika kwamba siri imetolewa hadharani. Lakini mwizi mzoefu alikwisha kuujua udhaifu wa makufuli. Aliyekuwa hajui ni mnunuzi. Baada ya udhaifu huo kujulikana, watengenezaji walilazimika kuunda makufuli bora zaidi. Karibu miaka 100 baadaye mwanafizikia Richard Feynman, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alijulikana katika maabara ya Los Alamos kwa kufungua makasha yaliyohifadhi nyaraka za siri, na kwa kufanya hivyo alionyesha jinsi ulinzi wake ulivyokuwa hafifu.

Hata hivyo nia njema haitoshi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu kuwa na kosa mtu anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba pasipo udhuru halali, na ni juu yake mwenyewe kuuthibitisha udhuru huo. Sheria ya Kenya nayo inamgusa mtu aliye nje ya makazi yake akiwa na vyombo vya wizi. Mwanafunzi anayetembea na pochi ya vichokonoo barabarani anajitia katika hatari ambayo maelezo yake hayataiondoa kwa urahisi. Vyombo vya shule viwekwe katika kabati la karakana, viorodheshwe, na vitumike mbele ya mwalimu kwa idhini ya mkuu wa shule. Anayetaka kuagiza kutoka nje aulize kwanza idara ya forodha.

Vyama vya wapenzi wa mchezo huu navyo vina miiko miwili. Wa kwanza: mtu asifungue kufuli lisilo lake bila ruhusa ya mwenyewe. Wa pili: asifanyie mazoezi kufuli linalotumika, hata likiwa lake, kwa kuwa pini na springi zinaweza kuharibika na kumwacha mwenye nyumba nje ya mlango wake.

Kwa kifupi, mahitaji ya kuanzia ni kulabu mbili, reki moja, vizungushio vitatu au vinne, jiliwa, na kufuli moja la shaba njano. Kwa vitu hivyo darasa linaweza kupima msuguano, unyumbukaji wa chuma, na kiasi cha kosa ambacho mashine ya kiwandani haiwezi kukikwepa. Aidha, mwanafunzi aliyelifungua kufuli hafifu kwa mkono wake mwenyewe atajua, siku atakapokwenda dukani kununua kufuli la nyumba yake, ni lipi la kuliacha rafuni.