Fahamu: Kwa nini wanaotumia LSD husikia uchungu mdomoni?

Tarehe 19 Aprili 1943, mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alimeza mikrogramu 250 za LSD, dawa ya kulevya, zilizochanganywa na maji kidogo. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba haikuwa na ladha. Hata hivyo, watumiaji wengi husema wanasikia uchungu, au ladha kama ya chuma. Inatoka wapi?

Mara nyingine ni karatasi yenyewe. Mitaani LSD huuzwa ikiwa imelowekwa kwenye vipande vya karatasi vyenye picha, na wino wake huweza kuonjwa. Pia dawa hii huvuruga milango ya fahamu, hivyo ladha inayokuja baadaye huenda imezaliwa ubongoni.

Sababu ya kutisha ni kwamba huenda si LSD kabisa. Kemikali za kundi la NBOMe, zilizoanza kuuzwa kwa jina la LSD mwanzoni mwa miaka ya 2010, ni chungu sana na hutia ulimi ganzi. Zimeua vijana kwa degedege na joto kali la mwili. Marekani ilipiga marufuku baadhi ya kemikali hizo mwaka 2013.

Wapo wanaojifariji kwamba karatasi isiyo chungu ni salama. Si kweli hata kidogo: uchungu hufunikwa kwa ladha za kuongezwa, na ulimi hauwezi kujua kiasi cha dawa. Aliyemeza akaanza kutetemeka, kuchanganyikiwa au kupandwa na joto apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe ukweli wote.