Msimchagulie binti pedi, mpeni orodha nzima

KELELE za bukta nyeupe zilipamba moto Ulaya mwaka 2022. England wakiwa kwenye Euro ya wanawake, ambayo walikuja kuibeba, straika wao Beth Mead alisema wachezaji walishazungumza na Nike kuhusu shida ya kuvaa nyeupe wakiwa kwenye hedhi. Mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia na bukta za bluu. Orlando Pride ya Marekani nayo ikaachana na nyeupe, ikachukua nyeusi.

Ni ushindi, tena mkubwa. Lakini bukta ya bluu inaficha doa tu. Haimwambii binti avae nini ndani ya hiyo bukta. Hapo ndipo soka letu la wanawake bado linachechemea.

Na soka lenyewe limekua. Mwaka huohuo wa 2022, Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 kule India na kutinga robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17. Simba Queens wakamaliza nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika. Nyuma yao kuna mabinti wa miaka 12, 13 na 14 kwenye shule na akademi, umri uleule ambao wengi wanaanza kuona hedhi.

Sasa nenda kwenye timu nyingi za mabinti hao, utakuta benchi zima ni wanaume. Kocha anajua kumfundisha winga kupiga krosi, ila hedhi ikitajwa anaangalia pembeni. Binti naye anasema "naumwa tumbo". Leo hayupo mazoezini, mwezi ujao hayupo, mwisho anapoteza namba na kuacha mpira kabisa. Tunabaki kusema kipaji kimepotea.

KILA MTU ANAVUTIA KWAKE

Mara nyingi elimu ya hedhi inawafikia mabinti ikiwa imefungwa pamoja na bidhaa. Anayeleta katoni za pedi anasifia pedi. Anayeleta vikombe anasifia vikombe na kuponda pedi. Msaada wenyewe ni mzuri, hakuna wa kuukataa. Tatizo ni kwamba binti anaondoka akijua kitu kimoja tu, tena upande wake mzuri pekee.

Hakuna kocha anayewapa wachezaji wote njumu za saizi moja. Kwenye hedhi napo miili inatofautiana, mifuko inatofautiana, na maji ya kufulia hayapatikani sawa kila mahali. Kwa hiyo hii hapa orodha, bila kumpigia debe yeyote.

Pedi za kutupa ndizo zinazojulikana zaidi. Ni rahisi kutumia na zinapatikana hadi dukani kwa Mangi. Ubaya wake, kwenye mechi zinaweza kusogea au kuchubua mapaja kwa jasho. Zenye mabawa na taiti ya kubana husaidia. Zinatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na kila mwezi lazima ununue nyingine. Ukitumia nne kwa siku kwa siku tano, hizo ni 20.

Pedi za kufua hununuliwa mara moja na kutumika kwa muda mrefu. Zinahitaji sabuni, maji safi na kuanikwa juani zikauke kabisa. Binti wa bweni anayeona aibu kuzianika nje, akazificha zikiwa mbichi chini ya godoro, anajitafutia matatizo. Vitambaa vya nyumbani navyo sheria yake ni hiyohiyo: viwe safi, vikavu na vya kunyonya.

Kikombe cha hedhi kinaingizwa ukeni na kukusanya damu. Kinakaa hadi saa 12, na kikitunzwa kinaweza kudumu hadi miaka 10. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet Public Health mwaka 2019, uliokusanya tafiti 43, ulionyesha uvujaji wake ni sawa au pungufu ukilinganisha na bidhaa nyingine. Ila bei ya mwanzo ni kubwa, kinahitaji kuchemshwa na mikono kuoshwa, na kukizoea kunaweza kuchukua miezi kadhaa. Usikijaribu kwa mara ya kwanza siku ya fainali.

Tamponi nayo huingizwa ndani, na humwacha mchezaji huru kukimbia, hata kuogelea. Madukani kwetu si rahisi kuipata. Isizidi saa nane, maana ikikaa sana inaongeza hatari ya ugonjwa wa sumu ya bakteria, ambao ni nadra lakini mbaya. Ukipata homa ya ghafla, vipele au kizunguzungu, itoe na wahi hospitali.

Chupi za hedhi zina kitambaa maalumu cha kunyonya. Hazisogei, lakini bei yake imechangamka na zinafuliwa kama pedi za kitambaa.

Kuna swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni: vipi kuhusu bikira? Jibu ni kwamba bikira maana yake ni mtu ambaye hajawahi kujamiiana, na kikombe au tamponi si kujamiiana. Hata hivyo, binti asiyetaka kuingiza kitu mwilini ana haki hiyo, na asichekwe.

MAUMIVU NAYO YANA MIPAKA

Orodha bila tahadhari haijakamilika. Damu inayolowanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, au maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi, ni ya kumpeleka kwa daktari. Na mchezaji anayekosa hedhi miezi mitatu mfululizo asidhani ndiyo kuwa fiti. Huenda anakula kidogo kuliko anavyokimbia, na mifupa yake ndiyo inayolipa.

Bei nayo tusiizungukie. Mwaka 2018 Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Maadamu gharama iko mikononi mwa familia, kumficha binti kwamba kuna njia nyingine ni kumuumiza mara mbili.

Timu hazihitaji bajeti ya Ulaya. Kabla ya msimu, muiteni muuguzi wa zahanati ya jirani aje na bidhaa zote mezani, mabinti wazishike na kuuliza, wanaume wakiwa nje. Mfadhili akija na bidhaa yake, semeni wazi ni nani kaileta, kisha nyingine nazo zitajwe. Wekeni pedi kwenye boksi la huduma ya kwanza, pale pale ilipo bandeji, na mtu mmoja mwanamke wa kuambiwa bila aibu.

Baada ya hapo mwacheni achague mwenyewe, na mwezi ujao akibadili mawazo abadili. Dakika 90 ni zake, mwili ni wake.