Mtoto anataka shahada ya fizikia? Pigeni hesabu pamoja

Mtoto akichagua fizikia chuo kikuu, wazazi wengi huulizia ada tu. Hesabu ni zaidi ya hapo: kuna miaka mitatu ya chakula, malazi na nauli bila kipato, kisha deni. Mnufaika wa mkopo wa HESLB akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwenye Sh800,000, hiyo ni Sh120,000.

Tofauti na uuguzi, shahada hii pekee haimpeleki mtu kwenye kazi moja. Anayetaka kufundisha sekondari anahitaji pia mafunzo ya ualimu. Anayetaka kukokotoa dozi ya mionzi ya wagonjwa wa saratani anapaswa kusomea zaidi fizikia tiba.

Kabla hajajaza fomu, muulize mwanao: baada ya shahada kinafuata nini, na nani atakilipia?