Mali Bila Daftari, Barua Bila Kasha

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu nimeusikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, ningali nasoma juzuu ya Amma, nami nikiudhani ni wa wenye maduka tu, watu wa mizani na pishi. Sikujua kwamba siku moja ungenifika mimi, mtu wa kalamu, tena kwa sababu ya barua za kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2022 kaka yangu mkubwa alifariki dunia huko Maskati, alikokuwa akifanya kazi kwa miaka mingi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Huku nyumbani, Mji wa Kale wa Mombasa, tulimsomea hitima, na kama ilivyo ada yetu ikatangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Siku ya pili yake bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima asiyeweza tena kupanda ngazi, alimtuma mjukuu wake. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: marehemu alipokuwa akitafuta nauli ya kwenda Arabuni, yeye bibi alimpa vikuku vyake viwili vya dhahabu akaviuze, kwa ahadi kwamba atamletea vingine mfano wa vile. Kimoja amekwisha kurudishiwa. Kimoja bado.

Hapakuwa na shahidi wala karatasi. Wakatokea jamaa waliosema chini kwa chini kuwa bibi wa watu amezeeka, huenda amekwisha kulipwa vyote akasahau. Mimi nilikumbuka kwamba kaka aliwahi kuniandikia habari hiyo, lakini katika kumbukumbu zangu vilikuwa vikuku viwili. Basi yeye asema kimoja, mimi nasema viwili, wengine wasema hakuna. Na deni la maiti, sote twajua, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Si jambo la mzaha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ile inayoamrisha deni liandikwe.

Nikamwita mtoto wa marehemu, kijana anayezifahamu kompyuta.

"Mwanangu, baba yako aliniandikia habari za vikuku hivi. Lakini ni zamani, miaka ya mwanzo wa 2000."

"Kwa barua pepe, Ami?"

"Kwa barua pepe."

"Sasa ziko wapi?"

BARUA ZA ENZI YA PINE

Katika miaka hiyo nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi moja hapa mjini, nasi tukisomea barua zetu katika programu iitwayo Pine. Vijana wa leo wakiiona watacheka. Haina picha, haina rangi za kupendeza, haitaki kipanya. Ni maandishi matupu juu ya skrini nyeusi, na kila kazi ina herufi yake: herufi moja ya kuandika, nyingine ya kujibu, nyingine ya kuweka. Ilianza kutengenezwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, kwa ajili ya makarani na wafanyakazi wengine wa chuo hicho wasiokuwa mafundi wa kompyuta. Kwa sisi tuliokuwa tukitumia laini ya simu na kulipia kila dakika, wepesi wake ulikuwa neema.

Pine ilikuwa na folda tatu za kuanzia: kikasha cha barua zinazoingia, folda ya nakala za zile ulizopeleka, na folda ya zile ulizoamua kuzihifadhi. Kila mwezi mpya ulipoandama ilikuuliza kama unataka nakala za mwezi uliopita ziwekwe kando kwa jina la mwezi na mwaka wake. Mimi kila mara nilijibu ndiyo. Isitoshe, mwenzangu mmoja ofisini alinionyesha mahali pa kuiagiza programu kwamba ninapohifadhi barua, inipendekezee folda yenye jina la aliyeiandika. Kwa hivyo barua za kaka zikawa na folda yao peke yao, bila mimi kuumiza kichwa.

Mwaka 2005 nilipoiacha kazi ile, mwenzangu huyo alizinakili folda zangu zote katika sidii moja. Nikaichukua, nikaitia katika kasha la marehemu mama, pamoja na hati za nyumba, nikaisahau.

GOMBO NA NYUMBA

Tulipoitoa sidii, mimi nilikuwa nimekata tamaa. Pine yenyewe haitengenezwi tena. Mrithi wake, Alpine, alitoka mwaka 2007. Nani leo ataweza kuzifungua barua zile? Kijana akatabasamu. "Ami, hizi si barua za Pine. Ni maandishi tu."

Hapa msomaji mpenzi inafaa tusimame kidogo, kwa maana hili ndilo jambo ambalo wengi hatulijui. Folda za aina ile, ziitwazo mbox, ni mfano wa gombo moja refu. Barua zote zimefuatana ndani ya faili moja, na kila barua huanza kwa mstari wenye neno From, kisha anwani ya mpelekaji na tarehe. Programu ikiuona mstari huo hujua kwamba barua mpya imeanza. Na ikiwa ndani ya barua yenyewe pana mstari ulioanza na neno hilo hilo, hutiwa alama ndogo mbele yake ili usidhaniwe ni mlango wa barua nyingine. Hakuna siri wala ufunguo. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kulifungua gombo hilo hata miaka 50 ijayo.

Iko na aina nyingine, Maildir, ambayo kila barua ni faili peke yake. Hii huwa na vyumba vitatu: tmp, new na cur. Nami nilipoelezwa niliiona ni nyumba ya kwetu kabisa. Mgeni hupiga hodi mlangoni, hiyo ni tmp. Hukaribishwa akakaa barazani, hiyo ni new. Na mwenye nyumba akishamwona humwingiza ukumbini, hiyo ni cur. Uzuri wake ni kwamba faili moja likiharibika, hiyo barua moja ndiyo iliyopotea. Gombo likichanika, huenda likaathirika lote.

Kijana alizinakili folda zangu kutoka kwa sidii, akazifungua kwa programu iitwayo Mutt, iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Jina hilo kwa Kiingereza ni mbwa koko, yaani asiyekuwa na nasaba moja, kwa kuwa imeokota mambo mema kutoka kwa programu nyingi zilizoitangulia. Nikamwambia, "Mwanangu, mbwa katika barua za baba yako?" Akacheka. "Huyu harambi vyombo, Ami."

MAAGIZO KWA MKONO WAKO

Mutt haikupangii kitu usichokitaka. Wewe mwenyewe huandika maagizo katika faili liitwalo .muttrc, nayo hutii. Baada ya mambo haya kwisha, kijana aliniwekea yangu, na hii hapa ndiyo mistari yake, kwa yeyote anayetaka kujaribu:

set folder = ~/Barua
set spoolfile = +kikasha
set record = +zilizopelekwa
set postponed = +rasimu
mailboxes +kikasha +ndugu +mashairi +madeni
save-hook '~s deni' +madeni

Mstari wa kwanza wasema kasha kuu liko wapi. Wa pili, barua mpya zasomwa katika folda gani. Wa tatu, nakala za ulizopeleka ziwekwe wapi. Wa nne, zile ulizozianza hukuzimaliza zingojee wapi. Wa tano wazitaja folda za kuangaliwa kama zimeingia barua mpya. Wa sita wasema: nikihifadhi barua yenye neno deni katika kichwa chake, nipendekezee folda ya madeni. Alama ya kujumlisha ina maana ya "ndani ya kasha kuu". Majina ya folda, kama uonavyo, yaweza kuwa ya Kiswahili safi.

Mitego ipo, na mimi nimenaswa na yote. Wa kwanza ni utaratibu: mstari wa kasha kuu lazima uwe juu, kwa sababu programu husoma kuanzia juu kwenda chini. Ukizitaja folda kabla ya kusema kasha liko wapi, itazitafuta pasipo. Ni kama niya kabla ya swala.

Wa pili ni ule mstari wa mailboxes. Nilidhani ukishazitaja folda, barua zitajigawa zenyewe. La. Mstari huo huangalia tu, haugawi. Kugawa barua zinazoingia ni kazi ya programu nyingine, mfano procmail, au ni kazi ya mkono wako: wabonyeza s, wataja folda, basi.

Wa tatu ndio ulionitoa jasho. Ukiihifadhi barua katika folda nyingine, ile ya asili hutiwa herufi D, yaani itafutwa. Mara ya kwanza kuiona nilipiga kelele. Kumbe ni uhamisho tu, barua imetoka kikashani ikaenda mahali pake. Na pana agizo jingine, move, ambalo likiwashwa hukuuliza unapotoka kama barua ulizozisoma zihamishwe katika faili liitwalo mbox. Nilikuwa nikijibu ndiyo bila kusoma swali, kisha nalia kwamba barua zimeibwa. Zilikuwa zimelala humo zote, salama. Asiyesoma swali asilaumu jibu.

KWANI KUTAFUTA HAKUTOSHI?

Najua wapo watakaosema: haya yote ya nini? Tangu Gmail ilipoanza mwaka 2004, mtu huziacha barua zake zote pamoja, akitaka moja huandika neno ikaja. Kweli, na mimi hufanya hivyo kwa mambo madogo. Lakini mwenye kutafuta lazima ajue anatafuta nini, tena lazima mlango ungali wazi. Barua zile haziko kwako, ziko katika nyumba ya mwenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kuanzia Disemba mwaka huo, akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka 2 zaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Na maiti hafungui akaunti yake.

Mutt pia yaweza kuzisoma barua zilizoko kwa mwenyewe, kwa njia iitwayo IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986. Kasha kuu huwa huko mbali, nawe unalifungua ukiwa kwako. Ni njia njema, mradi uweke na nakala nyumbani. Amana haiwekwi mahali pamoja tu.

KIKUKU KIMOJA

Turudi kwa vikuku. Folda ya kaka ilikuwa na barua 140 na zaidi. Kijana alibonyeza l, akaandika ~b kuku, akaniambia, "Hivi tutapata kikuku na vikuku kwa pamoja." Zikatokea barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuku hasa: kaka akimtamani kuku wa kupaka wa mama. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana mpishi na mtamani wote wametangulia.

Ya pili ilikuwa ya mwaka 2001. Ameandika jina la bibi, vikuku viwili, na kwamba akifa kabla hajavirudisha, mimi ndimi nitakayesimama. Hiyo ndiyo niliyoikumbuka. Lau tungeipata hiyo peke yake, tungalilipa viwili, na watoto wa marehemu wangalipunguziwa haki yao.

Ya tatu ilikuwa ya mwaka 2004, baada ya yeye kurudi likizoni. Kimoja amempa bibi kwa mkono wake, kimoja bado, na bibi amemsamehe muda.

Bibi hakuzeeka akasahau. Ni sisi tuliosahau, nasi ndio tuliomtia shaka.

Kijana aliinunua dhahabu yeye mwenyewe, tukaenda pamoja. Bibi alikipokea kikuku, akakigeuza geuza, akauliza, "Mmejuaje?" Nikamwambia marehemu alikuwa ameandika. Akasema, "Nilijua ataandika." Kisha akamwombea dua.

Leo folda yangu ya madeni ina barua chache, ninayodai na ninayodaiwa, na watoto wangu wanajua ilipo. Nami nikamaliza kwa ubeti mmoja, niliouandika usiku ule:

Waraka ni amanati, si kitu cha kuchezewa,
Kwa siku na kwa wakati, kashani huhifadhiwa,
Yakishafika mauti, haki ipate tolewa,
Mali bila daftari, huisha bila habari.